Kabla ya kumuuliza fundi rangi bei, uliza maji yanatoka wapi

Swali la msomaji:

Shikamoo mzee. Ninaishi Dar es Salaam, ila swali langu ni la nyumba ya nyumbani, Moshi, huko Rau. Marehemu baba aliijenga mwaka 1993, mita 12 kwa 10, vyumba vitatu, sebule, jiko na bafu. Mama ana miaka 74, ana pumu, na anaishi humo na mjukuu wake wa kidato cha pili. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi inabanduka na kutoa unga mweupe, ingawa tulipaka upya miaka miwili iliyopita, na chini tukapiga rangi ya mafuta ili kuta zisichafuke. Krismasi tunakuja wote, kama watu ishirini, nataka nyumba ipendeze. Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza alikaa dakika kumi, anataka laki tisa ya ufundi. Wa pili alikaa karibu saa nzima anagongagonga kuta, anataka milioni moja na laki nne ya ufundi, na anasema hapaki kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi. Wa tatu ana picha nzuri sana kwenye simu. Anataka milioni nne na nusu, kila kitu juu yake, rangi ndoo 12, siku nane kazi imekwisha, ila nimtangulizie nusu. Kwa kuwa niko mbali, huyu wa tatu amenivutia. Nimchukue? Na advansi ya kawaida ni kiasi gani?

Jibu:

Marahaba mwanangu, nisalimie mama. Umeniandikia mwanzoni mwa Septemba, na hapo umeshajisaidia nusu ya kazi. Ungeniandikia Novemba ningekuambia upige deki, utundike mapazia mapya na uiache rangi hadi mwakani.

Jibu fupi: wa tatu usimchukue kwa masharti hayo. Wa pili ndiye fundi wako, lakini hata yeye asianze kesho. Mtu unayemhitaji wiki hii ni fundi mwashi.

Rangi inayobanduka juu, karibu na dari, mara nyingi ni bati linalovuja. Ikibanduka katikati ya ukuta, mshuku aliyepaka. Lakini inayobanduka kuanzia sakafuni hadi kiunoni, tena na unga mweupe, hayo ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Ukuta unanyonya kama utambi wa koroboi. Na wewe umetaja Rau. Watu wa huko wanajua kwamba maji hayako mbali na uso wa ardhi: ule msitu wa Rau wenyewe unaishi kwa maji ya chini, na mpunga unalimwa jirani. Nyumba iliyojengwa pale bila karatasi ya nailoni juu ya msingi, ile ambayo waashi wanaiita dipisii, itakunywa maji kila masika. Mwaka 1993 wengi waliiruka. Simlaumu baba yako, hakuwa peke yake.

Huo unga ni chumvi, wala usiuogope kama ugonjwa. Maji yanapopanda huyeyusha chumvi zilizomo kwenye udongo, kwenye mchanga na kwenye saruji yenyewe. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuiacha chumvi hapo, nayo ikiganda inavimba na kuisukuma rangi kwa nje. Hakuna rangi ya duka lolote itakayoshinda msukumo huo, hata uinunue kwa bei ya ng'ombe.

Sasa nikuambie jambo ambalo halitakufurahisha. Ile rangi ya mafuta mliyopiga chini miaka miwili iliyopita imezidisha tatizo. Najua sababu, kila nyumba ya Moshi na Arusha ina ule mkanda wa mafuta chini: watoto wana mikono, viti vinasugua, na mafuta yanafutika kwa kitambaa. Lakini rangi ya mafuta ni kama koti la mvua. Maji yaliyokuwa yakitokea kwenye usawa wa goti yamefungiwa mlango, yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Muulize mama kama zamani alama ilikuwa chini zaidi. Nitashangaa akisema hapana.

Usinisadiki kwa maneno tu. Mwambie huyo kijana wa kidato cha pili akate kipande cha nailoni safi, upana wa nusu mita kila upande, akibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha pa kupitishia hewa, kwenye sehemu aliyokwangua rangi. Akiache mpaka kesho yake saa ileile. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, unaotazama ukuta, basi maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, huo ni mvuke wa hewa ya chumbani, wa kupikia au kuogea. Kipimo kingine ni cha rangi ya juu ambayo inaonekana nzima: achanje alama ya mkasi kwa wembe, abandike tepu ngumu juu yake, aivute ghafla. Rangi ikija na tepu, hata hiyo ya juu itabidi ikwanguliwe. Mwisho apitishe kiganja ukutani. Kiganja kikitoka na unga, ukuta unahitaji praima ya kuushika kabla ya koti ya kwanza, la sivyo rangi mpya itakuwa imekaa juu ya vumbi.

Kazi ya mwashi ni hii. Kwanza nje, wala si ndani. Nyumba ya miaka thelathini na ushee kwa kawaida ardhi ya nje imeinuka: bustani za maua, kifusi, zege lililoongezwa juu ya zege. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani angalau sentimita 15. Mara nyingi nikichimba kwenye nyumba za zamani nakuta udongo umeshapita usawa wa sakafu, yaani nyumba imekaa ndani ya beseni. Udongo ushushwe, maji ya paa yawe na gata na yapelekwe mbali, na atazame maji ya bafuni na ya jikoni yanaishia wapi. Bomba lililopasuka chini ya bafu limeshanidanganya zaidi ya mara moja: nililaumu ardhi kumbe ni mfereji.

Kisha ndani. Lipu iliyoharibika ibomolewe mpaka sentimita 30 juu ya pale alama ya unyevu inapoishia, si pale inapoonekana vibaya tu. Chumvi isuguliwe kwa brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu na ifagiliwe nje. Isioshwe kwa maji, kwa sababu ukiiosha unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Lipu mpya usikubali iwe ya saruji tupu na mchanga, itakuwa ngumu kama jiwe na itafanya kazi ileile ya rangi ya mafuta. Mwombe mwashi achanganye saruji kipimo kimoja, chokaa kimoja na mchanga sita, mchanga uwe umechekechwa na si wa udongo. Vijana wengi wa siku hizi hawapendi kuchanganya chokaa, wanaona ni mambo ya wazee. Sisi wazee tunakubali.

Baada ya hapo subira. Lipu mpya inahitaji wiki nne kabla ya rangi, na hilo silisemi kwa kusoma. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na kazi Njiro, Arusha. Mwenye nyumba alikuwa na kipaimara cha mtoto, kadi zimeshagawiwa, lipu ya sebule ina siku tisa. Nilijua. Nikajiambia ni kavu kwa mkono, nikapaka, sherehe ikafana, watu wakasifu. Wiki ya tatu ukuta ulikuwa na malengelenge kama mtu aliyeungua na maji ya moto. Nikarudia sebule nzima kwa hela yangu. Lipu mbichi, ukiacha maji yake, ina ukali wa saruji unaoila rangi na kuacha mabaka, na ukali huo unapungua kwa siku tu. Ndiyo maana nilipofika kwenye maneno yako kuhusu fundi wa pili, kwamba hapaki kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi, nilicheka peke yangu. Huyo bwana ameshapiga hesabu: mwashi amalize mwisho wa Septemba, wiki nne, ndipo yeye aingie. Hakukueleza, lakini amehesabu.

Hata hivyo wiki nne ni za lipu, si za ukuta. Ukuta ulionyonya maji miaka thelathini haukauki kwa mwezi mmoja. Waashi wa zamani walikuwa wakihesabu mwezi kwa kila inchi ya unene, na tofali ya inchi sita inakupa nusu mwaka. Kwa hiyo ile mita moja ya chini, kwa mwaka huu, ivalishwe nguo nyepesi: rangi ya maji isiyong'aa, koti mbili nyembamba, au chokaa. Hapana mafuta wala silki, ile rangi ya maji inayong'aa. Ukichagua chokaa, hakikisha hakuna mtu anayetia chumvi ya jikoni kwenye ndoo. Wapo wanaoitia ili chokaa ishike, na kwenye ukuta wako hiyo ni sawa na kumnywesha mlevi. Itachafuka kidogo na vidole vya wajukuu, uvumilie. Masika ijayo ikipita salama ndipo utaweza kufikiria rangi ya kufutika.

Turudi kwa mafundi. Unalinganisha laki tisa na milioni moja na laki nne kana kwamba ni bei mbili za kitu kimoja. Sivyo. Kupaka kwenyewe ni sehemu ndogo ya kazi ya fundi rangi. Kazi ni kukwangua, kupiga msasa, kuziba nyufa, kupiga puti ya kulainisha ukuta, msasa tena, kufuta vumbi, praima, kisha ndiyo rola. Aliyekaa dakika kumi amekupa bei ya rola. Akifika kwenye nyufa atakwambia hayo hayakuwemo, nawe uko Dar, mama yuko peke yake, utaongeza. Mwombe kila mmoja akutumie kwa sauti au kwa maandishi hatua kwa hatua atakachofanya chumba kwa chumba. Sitashangaa laki tisa ikipanda njiani hadi kuipita milioni moja na laki nne.

Maswali ninayopenda mteja amuulize fundi ni machache. Umegundua nini kwenye ukuta wangu? Anayejibu kwa kutaja rangi kabla ya kutaja unyevu, mshukuru na umwage. Utaweka maji kiasi gani kwenye ndoo? Rangi ya maji ya kawaida huongezwa maji kidogo tu, kadiri ndoo yenyewe inavyoelekeza, mara nyingi karibu na moja ya kumi. Fundi anayesema "itategemea" anajiachia nafasi ya kuinywesha mpaka iwe uji. Na la tatu, ambalo nalipenda kuliko yote: nionyeshe nyumba uliyopaka ambayo imeshapitiwa na masika mawili. Kazi ya mwezi uliopita ya kila mtu inapendeza. Picha za simu ndizo kabisa, zinapigwa jioni ile rangi ikiwa bado inanukia. Moshi si mji mkubwa. Kama anafanya kazi kweli, itapatikana nyumba Majengo, Soweto au Shanty Town ambayo ndugu yako anaweza kupita na kuitazama kwa nje.

Vyeti? Ni vizuri. VETA wanafundisha upakaji rangi na uandishi wa mabango, na wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa fundi aliyejifunzia kazini, anapimwa na kupewa cheti chake. Sisi wa zamani tulifanya mitihani ya gredi. Cheti kinakuonyesha mtu aliyekubali kupimwa, basi. Nimewaona wenye cheti wanaopaka juu ya vumbi, na nimefundishwa kazi na mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu.

Sasa zile ndoo 12 za fundi wa tatu. Tuhesabu pamoja, huhitaji kuwa fundi. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina mzingo wa mita 44. Kuta kwa kawaida ni mita tatu kwenda juu, zinakuwa mita za mraba 132, toa mita ishirini hivi za madirisha na milango, nje umebaki na 112. Ndani unapata upande wa pili wa kuta hizohizo, pungufu kidogo, kisha kuta za katikati. Nyumba ya vyumba vitatu ya ukubwa huo inaweza kuwa na mita 35 za kuta za katikati, kila moja ina sura mbili, kwa hiyo 35 mara tatu mara mbili ni 210, toa milango, zinabaki kama 180. Jumla ya ndani ni karibu 290. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja. Kwenye lipu isiyo laini hushuka hadi sita au nane. Ndani, koti mbili ni mita 580. Tukichukua nane kwa lita ili tuwe salama, ni lita 72 au 73, ndoo nne za lita 20 na inabaki. Nje, koti mbili ni mita 224, tuseme sita kwa lita, ni lita 37 au 38, ndoo mbili. Dari, kama ipo na inapakwa, ni mita 105 hivi kwa koti mbili, ndoo moja na galoni.

Ni ndoo saba na kidogo. Tuseme nane, kwa kuwa ukuta wa zamani una kiu. Kumi na mbili zinatoka wapi? Simwiti mwizi mtu nisiyemjua. Huenda hakupima, akakisia kwa macho, na wanaokisia hukisia kwenda juu. Huenda anataka koti tatu kwa sababu umechagua kugeuza rangi nzito kuwa nyeupe. Mpigie umuulize: "Fundi, umepima mita ngapi?" Akikupa namba, mnaweza kuzungumza. Akikupa hadithi, una jibu lako. Kuhusu siku nane zake, haziwezekani kwenye ukuta wenye maji, awe na vijana kumi.

Na kwa kuwa ulisema picha zake zinapendeza: muulize anapiga puti gani na wapi. Siku hizi kila mtu anataka ukuta laini kama kioo, na njia rahisi ni unga wa jipsamu. Ndani, kwenye ukuta mkavu, sina neno. Lakini jipsamu na maji havipatani, inalainika na kumong'onyoka. Nje ya nyumba, bafuni, na kwenye ile mita yako ya chini haitakiwi kabisa. Huko itumike puti ya saruji nyeupe, ile ya mifuko iliyoandikwa kuwa ni ya nje. Nimeona nyumba nzuri sana Sakina na Kwa Mrombo zikivuliwa ngozi baada ya masika moja kwa sababu hiyo tu.

Rangi inunue mwenyewe. Huu ni ushauri wangu kwa mtu yeyote aliye mbali, na mafundi wenzangu watanikasirikia. Maduka mengi ya vifaa humpa fundi chochote kwa kuleta mteja. Si siri na si dhambi kubwa, lakini inamfanya apende duka na ndoo kubwa kuliko ukuta wako. Mwombe fundi wa pili akuandikie aina ya rangi na idadi ya ndoo, kisha piga simu maduka mawili au matatu ya mjini Moshi, wakala wa kiwanda ikiwezekana, ulipe kwa simu, wapeleke nyumbani. Dai risiti ya mashine. Nunua zote kwa siku moja na uhakikishe namba ya kuchanganyia rangi imeandikwa kwenye kila ndoo, maana ndoo ya wiki ijayo inaweza kutofautiana kidogo na hii, na tofauti hiyo utaiona kila asubuhi katikati ya sebule. Kijana apige picha mifuniko ikiwa bado imefungwa. Na ndoo tupu zisiondoke mpaka kazi iishe, zihesabiwe. Fundi huwa anaziomba mwisho wa kazi, mpe mbili tatu, ni desturi njema, lakini siku ya mwisho.

Advansi. Nusu ni nyingi mno. Fundi anahitaji hela ya kuanzia, ana vijana wa kulisha na nauli, na mteja anayekataa kabisa kutoa chochote naye ananikera. Kwa ufundi wa milioni moja na laki nne ningegawa hivi: laki tatu siku anayoingia, laki nne kukwangua, puti na msasa vikikamilika na umeona video kabla ya rangi yoyote kugusa ukuta, laki nne koti ya kwanza ikimalizika ndani na nje, laki moja na nusu siku anayokabidhi, na laki moja na nusu iliyobaki ukifika mwenyewe Desemba na kuona kwa macho. Hiyo ya mwisho ataibishia. Mwelewe, ni muda mrefu kwake. Mnaweza kukubaliana iwe wiki mbili baada ya kumaliza, lakini ile hatua ya pili, ya kabla ya rangi, usiilegeze. Rangi ikishapita juu, hakuna anayejua chini kuna nini.

Andikeni. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, ila mtaanza kubishana nani alisema nini. Karatasi moja inatosha: kazi yenyewe hatua kwa hatua, koti ngapi, bei, mgawanyo wa malipo, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani anarekebisha bila malipo rangi ikibanduka ndani ya miezi sita. Hapo uwe mwaminifu: sehemu ya chini yenye maji usimbebeshe, hakuna fundi rangi mwenye akili atakayeahidi ukuta unaokunywa. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, sahihi yake, sahihi ya ndugu yako mmoja aliyepo Moshi, na mjumbe akishuhudia ni vizuri zaidi. Malipo yapite kwenye simu ili ujumbe ubaki.

Tarehe ya kuanza iandikwe kwa wino mzito. Unaijua Moshi ya Desemba, barabara ya Dar inajaa magari yanayopanda nyumbani na kila boma linataka ling'ae. Kuanzia katikati ya Novemba fundi mzuri anakuwa na nyumba tano. Anachofanya ni kuzifungua zote: anakwangua kwako nusu siku ili ujue ameanza, anahamia kwa jirani, na wewe unabaki na vumbi. Ongeza mvua za vuli. Ndiyo maana kazi ya nje ianze kwanza, wiki ya mwisho ya Oktoba kukiwa bado na jua, halafu mvua ikinyesha Novemba mko ndani. Moshi mna bahati ya joto. Arusha kwetu, miezi ya Juni hadi Agosti, ukungu unaweza kukaa mpaka mchana na koti moja ikashinda bila kukauka.

Kuhusu mama, hili nalisisitiza. Mwenye pumu asikae nyumba inayopigwa msasa mkavu, wala asilale chumba chenye rangi ya mafuta mbichi. Kama kuna dada au shangazi karibu, aende huko wakati wa maandalizi. Haiwezekani? Basi, akiingia ndani, fundi aanze na chumba cha mama, madirisha wazi, kipate siku kadhaa kabla mama hajarudi kulala humo. Ndani yote itumike rangi ya maji. Milango, fremu na grili za madirisha zina rangi ya mafuta ya miaka ya tisini, na rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu. Hizo zisipigwe msasa mkavu kabisa: ziloweshwe, zisuguliwe kwa msasa wa maji, takataka zikusanywe kwenye gazeti na kutupwa, hasa kwa kuwa wajukuu wadogo wanakuja na vidole vyao mdomoni. Unaponunua mafuta mapya ya grili, tafuta yaliyoandikwa kuwa hayana risasi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihimiza ni kisizidi sehemu 90 kwa milioni.

Halafu chakula. Mama yako ni mama wa Kichagga, akiona vijana wanne wanafanya kazi uani kwake atapika machalari ya sufuria kubwa kila siku mpaka achoke. Sema mapema kwenye makubaliano kwamba mafundi wanajitegemea kwa chakula, au umwekee hela ya mama ntilie. Na mbege isubiri saa kumi na moja, ngazi ikishalala chini.

Hukuniuliza habari ya rangi zenyewe, nami nitasema kidogo tu. Nje, wiki za masika tope hurukia ukuta, kwa hiyo mkanda wa chini wa rangi ya kahawa au hudhurungi ni wa busara, mradi uwe wa rangi ya maji ya nje na si mafuta. Ndani, usichague kwenye kadi ya dukani wala kwenye simu. Nunua kopo dogo, kijana apake mita moja ya ukuta wa sebule, akutumie picha asubuhi, na nyingine usiku taa ikiwaka. Rangi ya maziwa inayopendeza mchana inaweza kuwa njano ya ajabu chini ya taa. Na kwa kuwa kuta ni za zamani na hazijanyooka, usichukue ya kung'aa, kila bonde litaonekana.

Anza na nailoni. Ibandikwe jioni hii, na kesho unitumie picha ya pande zake zote mbili kabla hujampigia mwashi.